Julai 4, 1776: historia fupi ya hati isiyobadilika

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni ileile ya siku zote: kazi. Leo nimerudi na historia kidogo. Lakini kwanza niwaeleze kilichonifanya niitafute, maana kusema kweli ni aibu ndiyo iliyonituma maktabani.

Mwaka jana tulikuwa watu watatu tuliopewa kazi ya kuandika programu ya mishahara ya kampuni moja yenye wafanyakazi mia kadhaa. Kila mwisho wa mwezi programu ilitakiwa itoe hati ya mshahara ya kila mfanyakazi, kwa PDF. Kwa kuwa wote tulisomea sayansi ya tarakilishi na tulifundishwa adabu, tuliandika majaribio. Tulibuni mfanyakazi wa uongo, tukatoa hati yake, tukaikagua kwa macho, tukaihifadhi. Kuanzia hapo kila tulipobadilisha msimbo, mashine ilitoa hati upya na kuilinganisha na ile ya akiba, baiti kwa baiti. Zikifanana, rangi ya kijani. Zikitofautiana, nyekundu.

Siku ya kwanza tuliona kijani. Kesho yake asubuhi nyekundu tupu, na hakuna aliyekuwa amegusa chochote usiku.

Mchawi alikuwa saa. Ndani ya faili la PDF kuna mahali panapoandikwa siku, saa, dakika na sekunde faili lilipoundwa. Ukitoa hati ileile mara mbili kwa kupishana sekunde moja, una mafaili mawili tofauti. Tulivumilia nyekundu siku nne, kisha mwenzetu mmoja akapendekeza tulizime hilo jaribio kwa muda. Mimi nilikubali, tena haraka.

Wiki tatu baadaye tulibadilisha fonti. Fonti mpya ilikuwa pana kidogo, jina moja refu katika safu ya makato likajikunja mistari miwili, na tarakimu zote zilizokuwa chini yake zikapishana na majina yake. Hesabu ilikuwa sahihi. Jumla ilikuwa sahihi. Lakini aliyesoma hati aliona pesa za bima zimekaa mbele ya neno "mkopo". Mama mmoja mfagizi alikuja hadi ofisi tulimokuwa, ameikunja karatasi yake mara nne, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu mkopo ni wa nani? Mimi sijakopa." Nilimweleza, nikamwomba radhi, tukamchapia nyingine. Lakini alikuwa amepoteza nusu siku ya kazi kwa sababu ya jaribio nililokubali lizimwe.

Ndipo nikaanza kuuliza: hili tatizo la programu za kutengeneza hati ni jipya? Kumbe lilikwisha kupata dawa miaka mingi kabla sijazaliwa.

PROFESA ALIYEKATAA HERUFI MBAYA

Donald Knuth ni profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wengi wetu tunamjua kwa vitabu vyake vinene vya The Art of Computer Programming, ambavyo kila mwanafunzi wa kompyuta anavisifu na wachache wamevimaliza. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na wakati huo vitabu vya hisabati vilipangwa kwa mashine za Monotype, herufi zikimiminwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Kurasa zilipendeza.

Mwaka 1977 juzuu ya pili ilikuwa inatayarishwa kwa toleo jipya, lakini teknolojia ya risasi ilikuwa inakufa na nafasi yake kuchukuliwa na upangaji wa kupiga picha. Knuth alipoletewa kurasa za majaribio hakufurahi hata kidogo. Miaka yote ya kuandika, na kitabu kinaonekana kama kimepangwa na mtu mwenye haraka. Lakini mapema mwaka huohuo alikuwa ameona kurasa zilizotoka kwenye mashine ya kidijitali, akatambua kwamba ukurasa kama huo ni sifuri na moja tu: hapa wino, hapa hakuna. Na kazi ya sifuri na moja ni kazi ya mwanaprogramu.

Tarehe 13 Mei 1977 akaandika rasimu ya kwanza ya programu aliyoiita TeX. Alidhani ataimaliza katika mwaka wake wa likizo ya utafiti. (Mwanaprogramu mwenzangu, kama na wewe umewahi kumwambia bosi "wiki mbili tu", jipe moyo.) Vile vitabu vitano vinavyoeleza TeX na ndugu yake METAFONT, pamoja na msimbo wake wote, vilitoka mwaka 1986.

Toleo la kwanza liliandikwa kwa lugha ya SAIL, iliyokuwa ikitumika katika mashine za Stanford. Watu wa vyuo vingine waliitamani, kila mmoja akaanza kuihamishia kwenye mashine yake kwa njia yake. Hapo hatari ikaonekana. Mtaalamu wa hisabati akiandika makala katika chuo kimoja na kuituma kwenye jarida la nchi nyingine, je, mistari itakatika palepale? Ukurasa wa 12 utakuwa uleule wa 12? Kama sivyo, basi TeX ni programu kumi zinazotumia jina moja.

KILA KITU KWA NAMBA KAMILI

Toleo jipya lililoanza kufanya kazi mwaka 1982 liliandikwa kwa Pascal, lugha iliyokuwa karibu kila mahali, na Knuth akalijenga tangu msingi ili litoe matokeo yaleyale kila mahali.

Kumbuka kwamba kompyuta za miaka ile hazikukubaliana kuhusu namba zenye desimali. Mashine moja ilikadiria hivi, nyingine vile. Tofauti ni ndogo mno, lakini katika kupanga maandishi tofauti ndogo inaweza kuamua kama neno litabaki kwenye mstari huu au litaruka kwenda unaofuata. Neno moja likiruka, aya inabadilika. Aya ikibadilika, ukurasa unabadilika. Na TeX hasa ni nyeti, kwa sababu njia yake ya kukata mistari, ambayo Knuth na Michael Plass waliieleza katika makala ya mwaka 1981, haikati mstari mmoja mmoja. Inaangalia aya nzima na kutafuta mkato ulio bora kwa jumla. Ukibadilisha neno la mwisho la aya, mstari wa kwanza unaweza kusogea.

Dawa ya Knuth ilikuwa kuacha desimali kabisa katika maamuzi hayo. Alichukua kipimo cha wachapaji kinachoitwa pointi (inchi moja ina pointi 72.27 kwa hesabu yake) akaigawa pointi moja vipande 65,536. Kila upana na kila urefu ni idadi kamili ya vipande hivyo. Kipande kimoja ni kidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana, kwa hiyo hakuna jicho litakalolalamika. Na namba kamili zikijumlishwa hutoa jibu moja katika kila mashine duniani. Desimali zilibaki mahali pamoja tu, kwenye kunyoosha nafasi kati ya maneno baada ya maamuzi yote kwisha, ambapo haziwezi kuhamisha neno hata moja.

Hili lilinigusa. Mimi nilidhani uthabiti wa matokeo ni kazi ya majaribio. Yeye aliuweka kwenye muundo kwanza, majaribio yakaja baadaye kuulinda.

JARIBIO LA MATESO

Mwaka 1984 Stanford ilitoa ripoti ya Knuth kuhusu jaribio ambalo mwenyewe aliliita la mateso. Jina lake la kila siku ni jaribio la trip, kwa sababu faili lake ni trip.tex.

Ukilifungua faili hilo ukitarajia hati nzuri ya mfano, utashangaa. Halisomeki. Ni fujo ya makusudi. Knuth alijitia katika hali ya ukatili kadiri alivyoweza, akaandika maagizo ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyaandika, ili kila sehemu ya msimbo ifikiwe, hata zile za makosa ambazo mtumiaji wa kawaida hazioni maisha yake yote. Hata fonti yake ni ya ajabu, imeundwa kwa ajili ya mtego huo tu.

Na utaratibu wake ni mkali. Kwanza unatengeneza programu yako ya TeX kwa vipimo maalumu: kumbukumbu ianzie 1 na kuishia 3000, mstari wa ujumbe wa kosa uwe wa herufi 64, na kadhalika. Sababu ni kwamba matokeo yanaonyesha mambo ya ndani kabisa, na kama vipimo havilingani hutajua tofauti imetoka wapi. Kisha unaiendesha mara mbili. Mara ya kwanza inatayarisha faili la kuanzia, mara ya pili inalitumia kupanga kurasa. Mwisho unalinganisha faili la kumbukumbu la kila hatua na lile la Knuth. Kurasa zenyewe hutoka kama faili la DVI, ambalo halisomeki kwa macho, kwa hiyo kuna programu nyingine ndogo inayolifasiri kuwa maandishi, nayo hayo yanalinganishwa.

Sheria iliyoambatana nayo ni fupi. Msimbo uko wazi, chukua, badilisha upendavyo. Lakini kama programu yako haifaulu jaribio la trip, usiiite TeX. Ipe jina lingine.

Kuna jambo nililipenda zaidi katika maelezo ya jaribio hilo. Knuth hakudai kila baiti ifanane. Alitaja mambo ambayo yanaruhusiwa kutofautiana: tarehe na saa, majina ya mafaili, takwimu za matumizi ya kumbukumbu, na tofauti ndogo za ukadiriaji katika zile nafasi zilizonyooshwa. Mengine yote, sawasawa. Sisi tulikosea hapo. Tulidai kila kitu kifanane, tukashindwa, kisha tukaruhusu kila kitu kitofautiane. Yeye aliandika orodha.

SAA ILIYOSIMAMA

Sasa turudi kwa mchawi wetu. Pascal sanifu haikuwa na njia ya kuuliza saa ngapi. Kwa hiyo Knuth aliandika utaratibu mmoja mdogo wa kuweka tarehe, mahali pamoja tu katika programu nzima, na kwa kuwa lazima kuwe na kitu hapo, akaweka saa sita mchana, tarehe 4 Julai 1776, siku ya tangazo la uhuru wa Marekani. Ni utani wake. Aliyehamishia TeX kwenye mashine yake alitakiwa abadilishe mistari hiyo michache ili isome saa halisi.

Lakini ndani ya utani huo kuna somo zima. Saa si sehemu ya programu. Saa ni kitu kinachoingizwa kutoka nje, kama jina la mfanyakazi na mshahara wake. Ukiiingiza kupitia mlango mmoja, unaweza kuusimamia mlango huo. Katika programu yetu ya mishahara nilihesabu sehemu saba zilizokuwa zikiuliza saa zenyewe, kila moja kivyake.

NAMBA YA TOLEO INAYOELEKEA PAI

Toleo la 3 la TeX lilipokamilika, mwaka 1990 Knuth alitangaza kwamba hataongeza chochote tena. Atasahihisha makosa tu. Namba za matoleo zingefuata 3.1, 3.14, 3.141 na kuendelea kuikaribia pai. Siku atakapofariki namba itakuwa pai yenyewe, na makosa yote yatakayokuwa yamebaki yataitwa sifa za programu.

Watu wengine waliona ni ukaidi. Lakini fikiria mtu mwenye faili la mwaka 1990 analotaka kulichapa leo. Yeye hataki TeX iliyoboreshwa, anataka kurasa zake. Hata jedwali lake la kukata maneno ya Kiingereza limegandishwa, kwa sababu kulirekebisha kungebadilisha mistari katika hati za zamani.

Msifikiri kwamba kufaulu trip kulimaanisha programu haina makosa. Knuth aliweka daftari la kila kosa tangu 1978, na makala yake ya mwaka 1989 kuhusu makosa ya TeX ina orodha inayozidi 800. Mengine yaliendelea kupatikana baada ya jaribio kuwepo, na aliyeyagundua alilipwa kwa hundi; kwa TeX zawadi ilipanda hadi dola 327.68. Siku hizi anapitia ripoti mara chache sana: 2008, 2014, 2021 iliyotupa toleo 3.141592653, na zamu inayofuata ni 2029. Jaribio linakuambia kwamba leo ni sawa na jana. Kama jana ulikosea, litakulindia kosa lako kwa uaminifu mkubwa.

PDF YAJA NA SAA YAKE

Mwaka 1993 Adobe ilileta PDF. Baadaye Hàn Thế Thành, mwanafunzi kutoka Vietnam aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Masaryk huko Brno, Ucheki, akatengeneza pdfTeX inayotoa PDF moja kwa moja, nasi wengi tunaitumia hadi leo. Lakini pamoja na uzuri wake, PDF ilileta vitu viwili vya kuwasumbua watu wa majaribio. Kimoja ni tarehe ya kuundwa, tena ikiwa na saa za eneo, kwa hiyo faili la Nairobi lina +03'00' na la seva iliyoko Ulaya lina kingine. Cha pili ni utambulisho wa faili, ambao kwa kawaida hukokotolewa kutokana na saa na jina la faili. Ukifuta tarehe na kusahau utambulisho, bado umenaswa.

Kundi la LaTeX lilikwepa mtego huu kwa njia iliyofanana na ya trip. Majaribio yao mengi hayalinganishi PDF. Yanaiamuru programu iandike kwenye faili la kumbukumbu vitu vilivyomo ndani ya kila kisanduku na vipimo vyake, kisha kifaa chao kiitwacho l3build kinasafisha yale yanayotegemea mashine, na kilichobaki ndicho kinacholinganishwa.

Shinikizo kubwa lilitoka upande mwingine kabisa. Mwaka 2013 watu wa Debian walianza juhudi za kuhakikisha kwamba yeyote akijenga kifurushi kutoka msimbo uleule anapata baiti zilezile. Kwao lilikuwa suala la usalama: usipoweza kurudia ujenzi, utajuaje kwamba faili ulilopakua limetoka kwenye msimbo uliosomwa na watu, na si kwenye mashine ya mtu aliyelichafua njiani? Wakakuta saa imejificha kila mahali, pamoja na kwenye miongozo ya PDF inayokuja na programu. Mwaka 2015 wakapendekeza suluhisho rahisi liitwalo SOURCE_DATE_EPOCH. Ni namba moja unayoiweka kwenye mazingira ya mashine, idadi ya sekunde tangu Januari 1, 1970. Ukiandika 1451606400, programu zinazoliheshimu agizo hilo zitaamini kuwa ni Januari 1, 2016, saa sita usiku kwa saa za dunia, yaani saa tisa usiku kwetu. TeX Live ya mwaka 2016 ililikubali.

Yaani baada ya miaka zaidi ya 30 dunia ilirudi kwenye ile Julai 4, 1776. Saa ipitie mlango mmoja, na mlango uwe na ufunguo.

TULICHOFANYA SISI

Baada ya kusoma haya yote nilirudi kwa wenzangu na tukatumia siku mbili. Saa sasa inaingizwa mahali pamoja, na katika majaribio imesimama. Utambulisho wa faili unatokana na yaliyomo kwenye hati. Fonti zimehifadhiwa pamoja na msimbo, hatutegemei zilizopo kwenye mashine ya mtu. Na tuna majaribio ya aina mbili: moja linatoa kila neno na mahali lilipokaa kwenye ukurasa, ili likishindwa binadamu asome na kuelewa; jingine linalinganisha baiti. Tuna pia orodha fupi ya yanayoruhusiwa kutofautiana, na anayetaka kuongeza jambo humo lazima aandike sababu.

Kitu cha mwisho hakimo kwenye msimbo. Hati ya akiba ikibadilishwa, mmoja wetu anaichapa kwenye karatasi, anachukua kalamu, na kusoma kila mstari kuanzia jina hadi kiasi, akijifanya ni yule mama. Kazi hiyo inachukua dakika kumi. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu.

Haya, tukutane tena wiki ijayo, kazi ikiruhusu.